Je, Wajua? Wavunja Sanamu, Kutoka Konstantinopoli Hadi Tabora

Kila sanamu ya mtawala wa zamani inapoangushwa mahali fulani duniani, wasomi hulitaja neno moja la kale: ikonoklasimu. Neno ni la Kigiriki, lakini jambo lenyewe limeacha nyayo pia kwenye barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikateremka hadi Ujiji. Tuzifuate nyayo hizo.

NENO LENYEWE

1. Je, wajua kwamba ikonoklasimu limetokana na maneno mawili ya Kigiriki? "Eikon" ni sura, picha au taswira. "Klan" ni kuvunja. Kwa Kiswahili husemwa uvunjaji wa sanamu, ingawa katika kisa kilicholeta neno hili, zilizogombaniwa zaidi ni picha za watakatifu zilizochorwa ubaoni na ukutani.

2. Je, wajua kwamba ikoni, ile alama ndogo unayoigusa kwenye simu ili ufungue programu, ni neno hilohilo "eikon"? Picha iliyomwaga damu katika karne ya 8 leo ni kitufe cha kuangalia salio.

3. Je, wajua kwamba jina "wavunja picha" walipewa na wapinzani wao? Wao wenyewe walijiona watakasaji wa dini, si waharibifu. Katika kila kisa kinachofuata utaliona hilo: anayevunja husema anasafisha, na mwenye kitu husema ameharibiwa.

KONSTANTINOPOLI, 730 HADI 843

4. Je, wajua kwamba ugomvi huo ulianza wakati wa hofu? Mwaka 717 na 718 Waarabu waliuzingira mji wa Konstantinopoli. Mji ukanusurika, lakini wengi walijiuliza kama Mungu anawaadhibu kwa kuinamia picha. Mwaka 730 Kaisari Leo wa Tatu akazipiga marufuku, na Patriaki Germano aliyekataa kumuunga mkono akaondolewa kitini.

5. Je, wajua kwamba mitaguso miwili ilitoa hukumu zinazopingana ndani ya miaka 33? Ule wa mwaka 754, chini ya Kaisari Konstantino wa Tano, ulilaani picha. Ule wa Nikea wa mwaka 787, chini ya Malkia Irene, ulizirudisha kwa hoja ambayo bado inatumika: ibada ni ya Mungu peke yake, picha hupewa heshima tu, na heshima hiyo humwendea aliyechorwa.

6. Je, wajua kwamba marufuku ilirudi tena mwaka 815, ikakoma mwaka 843 chini ya Malkia Theodora? Waorthodoksi husherehekea ushindi huo kila Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Hata Waorthodoksi wa Kanda ya Ziwa huku kwetu, Bukoba na Mwanza, huikumbuka siku hiyo.

7. Je, wajua kwamba mtetezi mkubwa wa picha za Kikristo aliishi chini ya utawala wa Kiislamu? Yohane wa Damasko aliandika hoja zake ndani ya dola ya Bani Umayya, mahali ambapo mkono wa Kaisari haukufika. Picha za karne ya 6 zilizosalia katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, nazo ziliokoka kwa sababu hiyohiyo.

KATIKA VITABU VITUKUFU

8. Je, wajua kwamba Waislamu na Wakristo wa Tabora wote wana mvunja sanamu wa kumheshimu? Katika Kurani, Nabii Ibrahimu anayavunja masanamu ya watu wake na kuliacha lile kubwa, kisha anawaambia waliulize lenyewe kama linaweza kusema. Katika Biblia, Mfalme Hezekia anamvunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba.

9. Je, wajua kwamba kisa cha Hezekia kina uzito wa pekee? Nyoka yule hakuwa mungu wa kigeni. Alitengenezwa kwa amri ya Mungu ili watu waliogongwa na nyoka wapone. Kilichobadilika si shaba, ni jinsi watu walivyoitazama.

10. Je, wajua kwamba mwaka 630, Mtume Muhammad alipoingia Makka, masanamu yaliyoizunguka Kaaba yaliondolewa? Tangu hapo msikiti haukupambwa kwa sura ya kiumbe hai. Sanaa ikahamia kwenye maandishi, maua na michoro ya mistari. Pwani yetu ina ushahidi wa kale sana: maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107.

11. Je, wajua kwamba sanaa hiyo isiyo na sura ya mtu ilipanda bara pamoja na misafara? Milango ya mbao iliyonakshiwa maua na minyororo kwa mtindo wa Pwani ilifika hadi nyumba za wafanyabiashara wa Tabora na Ujiji. Vitambaa, shanga na bunduki vilikwisha, nakshi zilibaki.

TABORA, MJI WA NYUMBA TATU ZA IBADA

12. Je, wajua kwamba ugomvi wa Konstantinopoli unaweza kuuona Tabora bila damu kumwagika? Kanisa kuu la Kikatoliki lina sanamu zake. Kanisa la Moravian limeweka mapambo machache. Msikiti hauna sura ya kiumbe hata moja. Waumini wa nyumba hizo tatu hununua asali soko moja na kuzikana makaburini.

13. Je, wajua kwamba katika Jamhuri ya Cheki kuna mji unaoitwa Tábor, na waanzilishi wake walikuwa wavunja sanamu wakali? Uliasisiwa mwaka 1420 na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Waliupa jina la Mlima Tabori wa kwenye Biblia, na wakazisafisha sanamu makanisani kwa nyundo. Jina hilo halina undugu na Tabora yetu.

14. Je, wajua kwamba, hata hivyo, mkondo wa Jan Hus ulifika Tabora kwa njia nyingine? Kutoka katika vuguvugu hilo lilizaliwa mwaka 1457 kanisa ambalo leo twaliita Moravian. Mwaka 1898 Wamoravian walipokea kazi ya misheni ya Urambo iliyoanzishwa na Waingereza wa London Missionary Society, nchini kwa Mtemi Mirambo. Leo Jimbo lao la Magharibi lina makao makuu Tabora mjini.

ALAMA ZA UTEMI

15. Je, wajua kibangwa ni nini? Ni kipande cha duara, cheupe, kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini. Ukikigeuza unaona mzunguko unaojikunja kuelekea katikati, na tundu la kupitisha kamba. Kilipandishwa kutoka Bahari ya Hindi, kikavaliwa na mtemi wa Kinyamwezi kama alama ya mamlaka yake. Asiye mtemi hakuwa na ruhusa ya kujivalia.

16. Je, wajua thamani yake? David Livingstone, akiwa nchi ya Walunda katikati ya miaka ya 1850, aliandika kwamba makombe mawili ya aina hiyo yaliweza kumnunua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa bei nzuri ya jino la tembo. Basi kabla hujakitupa kijiwe cheupe ulichokikuta kwenye sanduku la bibi, kitazame kwa makini. Huenda si kijiwe.

17. Je, wajua kwamba kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye egemeo refu, lililochongwa umbo la mtu kwa nyuma, kinahifadhiwa Berlin? Watu wa makumbusho duniani wanakitambua kama mojawapo ya kazi kubwa za uchongaji za Afrika Mashariki. Kijana wa Tabora akitaka kukiona inambidi apate viza.

18. Je, wajua kwamba neno Ikulu, makazi ya Rais, ni la Kinyamwezi na Kisukuma? Lilimaanisha makao ya mtemi. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja ikulu yenye ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Isike hakukubali kushikwa. Aliilipua baruti yake akiwa ndani. Kuta zile hazikuwa sanamu, lakini zilikuwa sura ya Unyanyembe huru, na ndiyo sababu zilipaswa kuanguka.

19. Je, wajua kwamba utemi wenyewe haukuvunjwa na mkoloni? Wajerumani na Waingereza waliutumia kutawala. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na serikali ya wananchi, kwa nia ya kujenga taifa moja lisilo na machifu. Mtemi wa Unyanyembe, Abdallah Fundikira, alikuwa tayari ameshakuwa waziri katika baraza la kwanza la Tanganyika huru. Nia ilikuwa njema, na taifa moja tumelipata. Lakini ngoma, viti na vibangwa vilivyobaki vijijini vilikosa mlinzi, vikaliwa na mchwa au vikauzwa kwa wageni.

20. Je, wajua kwamba majirani walipoteza alama zao kwa kishindo zaidi? Rwanda, ufalme ulipofutwa mwaka 1961, ngoma kuu ya Kalinga ilitoweka. Uganda, jumba la Kabaka lilipovamiwa na jeshi tarehe 24 Mei 1966, ngoma za kifalme ziliharibiwa. Ufalme wa Buganda uliporudishwa mwaka 1993, ngoma zilisikika tena.

21. Je, wajua kwamba mmoja wa waliookoa alama za utemi alikuwa padre? Miaka ya 1950, David Clement wa shirika la Mapadre Weupe, mzaliwa wa Kanada, alianza kukusanya Bujora, karibu na Mwanza, vitu vya watemi wa Kisukuma, ndugu wa Wanyamwezi. Banda la ngoma za kifalme limejengwa pale kwa umbo la kiti cha enzi. Umisionari ulioambiwa umekuja kuvunja, pale ulijenga ghala.

PEMBE NA HIRIZI

22. Je, wajua kwamba si kila uvunjaji mkubwa ulifanywa na wageni? Mwaka 1921 Simon Kimbangu, mhubiri Mkongo, aliwataka watu wateketeze vinyago vya kiganga. Vijiji vizima vikamtii. Serikali ya Ubelgiji ikaogopa nguvu hiyo, ikamfunga maisha. Alifariki mwaka 1951 gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, baada ya miaka 30 kifungoni.

23. Je, wajua habari za Mchape? Katika miaka ya 1930 vijana wenye dawa ya kunywesha walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakazunguka nchi za kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakitumia vioo vidogo kuwatambua wachawi. Kila mtu aliamriwa atoe pembe na hirizi zake, zikatupwa rundo njia panda. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, akiwa nchi ya Wabemba, aliwaomba wenyeji wazichambue pembe hizo. Sehemu kubwa kabisa hazikuwa za uchawi: zilikuwa dawa za uwindaji, za bahati na za kuponya. Za kudhuru zilikuwa chache tu.

24. Je, wajua kwamba mkondo huohuo, kwa jina la Kamchape, umerudi mara kwa mara Ufipa na Kigoma? Unakuja kwa ahadi ya kusafisha kijiji, na mara nyingi unaacha wazee wametuhumiwa, nyumba zimechomwa na koo zimegawanyika. Hapa nasema wazi: kuvunja kitu ni jambo moja, kumvunja mtu ni uhalifu. Rundo la pembe halihalalishi bibi kizee kufukuzwa kwao.

SANAMU ZA WALIOPITA TABORA

25. Je, wajua kwamba wazungu wawili walioishi nyumba moja Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wamepata hatima tofauti katika shaba? Henry Morton Stanley na David Livingstone walifika pale pamoja Februari 1872. Sanamu ya Stanley jijini Kinshasa iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Mobutu. Sanamu ya Livingstone, iliyozinduliwa mwaka 1934 kwenye maporomoko ya Victoria upande wa Zimbabwe, ingali imesimama. Nyumba ya Kwihara, tembe la udongo lenye paa bapa, ni makumbusho.

26. Je, wajua kwamba sanamu ya Mfalme Leopold wa Pili, tajiri wa Stanley, iliwahi kurudishwa mtaani Kinshasa? Ilikuwa Februari 2005. Ilisimamishwa, ikaondolewa kabla siku haijageuka.

27. Je, wajua kwamba Mjerumani Hermann Wissmann alipita Tabora mwaka 1882 akitokea Kongo kuelekea Saadani, na njiani akaonana na Mirambo? Miaka michache baadaye alirudi kama kamanda, akaizima vita ya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Dar es Salaam: yeye juu, askari Mwafrika chini akimtazama, na simba mfu akifunikwa bendera.

28. Je, wajua mwisho wa sanamu hiyo? Waingereza waliing'oa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikapelekwa Ulaya, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Mwaka 1967 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha. Ikainuliwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na haikurudi. Miaka mingi baadaye iliwekwa kwenye maonyesho Berlin ikiwa imelazwa chini, ili watu waone sanamu na anguko lake kwa pamoja.

29. Je, wajua kwamba mtaa uliokuwa na jina la Wissmann katika eneo la Neukölln, Berlin, tangu mwaka 2021 unaitwa mtaa wa Lucy Lameck? Ndiye yule mwanasiasa wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini baada ya uhuru wetu.

30. Je, wajua kwamba katikati ya Brussels kuna barabara inayoitwa Tabora? Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia mjini Tabora, na kamanda wao, Charles Tombeur, baadaye akapewa cheo cha heshima chenye jina la mji wetu. Wengi wa askari walioiteka Tabora walikuwa Wakongo. Jina lililotukuzwa ni la Mbelgiji.

31. Je, wajua kwamba Nairobi nayo ina chake? Sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee, iliyozinduliwa mwaka 1906, ilikutwa mwaka 2015 imeangushwa na kichwa kimevunjwa. Dar es Salaam, sanamu ya Askari ya mwaka 1927, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, haijaguswa. Waingereza ndio walioiweka, lakini anayeonekana juu ni Mwafrika, na wananchi wameifanya yao.

MVUNJA MAZOEA

32. Je, wajua kwamba leo neno hili lina maana ya pili? Mvunja sanamu ni yeyote anayepinga jambo ambalo wenzake wote wamelishikilia kama kweli isiyoguswa. Tabora ina mfano wake. Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humo, aliwageuza: tuingie, tushinde. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake. TANU ikaingia, ikashinda. Historia yetu inauita uamuzi huo Uamuzi wa Busara.

33. Je, wajua kwamba Mwalimu mwenyewe sasa ni sanamu? Ilizinduliwa Februari 2024 makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Mara moja Watanzania wakaanza kubishana: je, amefanana? Mabishano hayo ni afya. Taifa linalojali sura ya mzee wake bado linajali alichosema.

NENO LA MWISHO

34. Je, wajua kwamba vituo sita vya barabara ya misafara vimo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006? Ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha hiyo inahusu majengo na njia. Hailindi kibangwa kilicho sandukuni kwako, wala kiti cha babu kilichogeuzwa kigoda cha jikoni.

Yote haya yana fundisho moja: mtu havunji kitu kisicho na nguvu machoni pake, na kikishavunjwa, anayekuja baadaye hawezi tena kukiuliza swali. Yapo mambo yaliyostahili kuanguka, na sanamu ya Wissmann ni mojawapo. Yapo pia yaliyochomwa na watu ambao hawakuuliza ni ya nini.

Basi ombi langu kwa msomaji wa Tabora, Nzega, Urambo, Sikonge na kwingineko: kabla hujauza, hujatupa wala hujachoma kitu cha wazee, mfuate mzee aliyebaki, muulize kinaitwaje, nani alikishika na kilitumikaje. Yaandike majibu, weka jina na tarehe, piga picha. Ukishajua, amua unavyoona kwa imani yako. Mtu mzima huamua baada ya kujua.